Maziwa ya Mbuzi wa Kahawia

Katika ukoo wa mume wangu hapakuwa na mtu aliyewahi kukamua mbuzi. Kwao Mwimbi mbuzi alikuwa nyama ya Krismasi, mahari, na kitoweo cha msibani. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe, na asiye na ng'ombe alikunywa uji wake wa ulezi bila maziwa na hakujiona amepungukiwa. Kwa hiyo siku mume wangu aliposhuka kwenye Fuso pale nyumbani kwetu Katandala, mjini Sumbawanga, akimvuta kwa kamba mbuzi mweupe mkubwa kama ndama, mwenye kiwele kilichomgusa magotini, majirani walitoka nje kama watu wanaoangalia harusi ikipita.

"Mzee," jirani mmoja alimwuliza, "huyo ni mbuzi, au ni ng'ombe amefuliwa akasinyaa?"

Mume wangu alicheka nao. Siku hizo alikuwa bado anacheka nao.

Alikuwa ameendesha malori ya mahindi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, Sumbawanga hadi Tunduma, Tunduma hadi Mbeya, mpaka mgongo ukakataa. Safari yake ya mwisho gari liliharibika, akalala kwa dereva mwenzake milimani huko Tukuyu. Asubuhi wakampa chai ya maziwa. Alipomaliza kikombe cha pili ndipo mwenyeji wake akamchukua bandani kumwonyesha yalikotoka.

"Hayakunuka hata kidogo," aliniambia aliporudi. "Mke wangu, tumedanganywa miaka yote kwamba maziwa ya mbuzi yananuka."

Mbuzi huyo aliitwa Saanen, mbegu ya Kizungu, na kila mume wangu alipolitamka jina hilo lilitoka tofauti. Alimjengea banda la kuinuka kutoka chini, lenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili mavi yadondoke. Alimkamua mwenyewe. Kwanza aliosha mikono, kisha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kisha akakikausha kwa kitambaa ambacho ole wake mtu angekigusa kwa kazi nyingine. Maziwa ya mwanzo aliyakamulia kwenye kikombe cheusi, akayatazama kwenye mwanga kama yana mabonge, akayamwaga. Ndipo akaanza kukamulia ndooni. Kazi yangu ilikuwa kuchuja na kuchemsha. Mwanzoni niliona ni mbwembwe za mtu aliyestaafu, lakini nilipoonja nilinyamaza.

Mama mkwe alikuja kutoka Mwimbi kumwona. Alisalimiwa, akapewa kiti, hakukaa. Alimzunguka yule mbuzi mpaka nyuma, akainama kidogo kukitazama kiwele, akasema jambo kwa Kifipa na mwanawe, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Amepewa kingi," alisema, "lakini amewekewa chini."

Mume wangu alidhani mama yake anaona gere kwa ajili ya mbuzi wake wadogo wa kienyeji. Mimi pia nilidhani hivyo.

Mteja wetu wa kwanza, na kwa kweli ndiye pekee aliyedumu, alikuwa mama wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko. Kwao ni Kasanga, ziwani, ila aliolewa mjini katika ukoo wa watu wa maduka na mabasi. Alikuwa mtu mzima, tulimwamkia shikamoo, na alipenda chai kuliko chakula. Nilimpelekea kikopo cha kwanza. Kesho yake alikuja mwenyewe kwa miguu.

"Mwanangu," aliniambia, "maziwa haya kama hayana mbuzi ndani yake."

Tangu hapo kikopo chake hakikukosa asubuhi. Miezi ya mwanzo kilikosa mara moja tu, pale mume wangu alipomleta beberu mweupe na kumfunga karibu na jike ili wazoeane. Beberu akishapevuka hunuka ndevu hadi kwato, na ile harufu haibaki kwake. Inaingia kwenye manyoya ya jike, kwenye mikono ya mkamuaji, kwenye maziwa yenyewe yakiachwa wazi. Mama wa dukani alikirudisha kikopo bila ukali.

"Leo mbuzi kaingia kwenye chai," alisema.

Mume wangu alimhamishia beberu mwisho kabisa wa uwanja, kwenye miti ya parachichi, na hakumgusa tena kabla ya kukamua. Baada ya siku chache chai ikapona. Hayo yalikuwa mambo ya kurekebishika, na naona sasa kwamba yalitufanya tuamini kila kitu kinarekebishika kwa maji ya moto na usafi.

Kisha masika yakaingia. Mvua ya Ufipa haina haraka. Inanyesha leo, kesho, na mwezi mzima unaona uwanja umekuwa tope jeusi linalovuta viatu. Banda lilikuwa safi, lakini mbuzi hawezi kukaa bandani mchana kutwa. Lazima ashuke, ale, anyooshe miguu. Kila alivyopiga hatua, kile kiwele kikubwa kilipigwa na magoti huku na huku. Akivuka kijito cha uwanjani, chuchu zilipita ndani ya tope. Akilala, alilalia kiwele chake mwenyewe. Mume wangu alikiosha asubuhi na jioni, akapaka mafuta, na bado siku moja mbuzi aliporudi kutoka malishoni kulikuwa na mkwaruzo wa bua la mahindi kwenye chuchu ya kushoto.

Asubuhi moja nilimsikia mume wangu akiniita kwa sauti ya chini. Nusu ya kiwele ilikuwa imevimba, ngumu, ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Kwenye kikombe cheusi maziwa yalitoka na mabonge, kama mtindi uliokatika.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Alimchoma sindano, akasema maziwa yote yamwagwe mpaka dawa iishe mwilini, na yasipewe mtu wala paka. Mume wangu alikamua hivyo hivyo kila siku, kwa usafi uleule, akaenda kumwaga kwenye shimo nyuma ya choo. Nilimwambia nimsaidie kumwaga. Alikataa. Homa ilipona lakini nusu ile ya kiwele ilikauka, haikutoa tena.

Habari zilifika kijiweni, mahali ambapo wazee wenzake madereva hukaa kucheza bao. Walimpokea kwa kicheko.

"Vipi, Mzungu wako kapata malaria?"

Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao ndio waliokuja kubeba jeneza lake. Lakini tangu siku ile mume wangu aliacha kuzungumza habari za mbuzi nje ya uzio wetu. Alikuwa amejisifu sana kuhusu yule mweupe, akaona aibu ya kujisifu, akaamua kunyamaza. Nikifikiria yaliyokuja kutokea, narudi kwenye vicheko vile zaidi kuliko kwenye jambo lingine lolote.

Kipindi hicho ambacho hatukuwa na maziwa tulikwenda Mwimbi kukaa na mama mkwe. Alikuwa na kondoo aliyefiwa na mwanawe, na mume wangu akasema tujaribu. Kondoo wetu wa kienyeji wana mkia mpana wa mafuta unaofunika kila kitu nyuma kama pazia. Ilibidi mimi niushike mkia juu, yeye akamue kwa ncha za vidole viwili, maana chuchu zilikuwa fupi kama mbegu za maharage. Kondoo alijikaza, mkia ukanitoka mkononi, na vilivyokuwa vimeshikamana na mkia vikamwagika ndani ya bakuli. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Tulianza upya, tukamnyoa kwanza manyoya ya nyuma, tukaosha, tukapata maziwa yasiyojaza kikombe. Lakini yalikuwa mazito! Tulipoyachemsha yaliacha mafuta ya manjano kwenye ukingo wa sufuria, na mama mkwe akapangusa kwa kipande cha ugali akala. Sijawahi kuwaona wale wawili wakicheka pamoja kama siku ile, na sikuwaona tena.

Kesho yake mvua ilikuwa bado inanyesha. Mume wangu alisimama barazani akiwatazama mbuzi wa mama yake wakitoka zizini. Walikuwa wadogo, wa kahawia, wenye masikio mafupi, na walipita kwenye tope lilelile hadi vifundoni. Alimkamata jike mmoja mwenye mtoto, akamgeuza. Kiwele chake kilikuwa kidogo kama chungwa, kimebanwa juu kabisa katikati ya mapaja, kikavu.

"Matope ni yaleyale," alisema.

Mama yake alichukua sufuria. Aliingia ndani kupika.

Tulimkodishia yule mweupe pikapu, akapelekwa Mwimbi, akakaa na beberu wa kahawia wa mama mkwe. Beberu mweupe tukamuuza. Wakati ulipofika, mweupe alizaa jike mmoja, wa kahawia kabisa kama baba yake, na baka jeupe dogo nyuma ya sikio. Mtu asiyejua angesema ameletwa kutoka kijijini juzi.

Alikua taratibu. Mume wangu hakutarajia mengi, au alijizuia kutarajia. Lakini alipozaa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu nilipita nyuma yake nikiwa na ndoo ya maji. Kiwele kilikuwa cha mviringo, kimeshikwa juu kama kibuyu kilichofungwa kwa kamba, na chuchu zake zilikuwa ndefu za kutosha kushikwa kwa mkono mzima, kama za mama yake. Nilimwita mume wangu. Alikuja, akatazama, akachuchumaa, akagusa kwa mgongo wa kiganja.

"Huyu ndiye," alisema.

Masika yaliyofuata tulikuwa tukimwosha kiwele kwa mazoea tu, maana hakikuwa na tope. Kikombe cheusi hakikuonyesha bonge hata siku moja. Maziwa hayakuwa mengi kama ya mama yake alipokuwa mzima, lakini ukiyachemsha jioni, asubuhi ulikuta utando wa kukunja kwa kijiko. Mama wa dukani alionja, akaniuliza kama nimeongeza kitu.

"Sijaongeza kitu, mama. Tumebadili mbuzi."

"Basi msimbadili tena," alisema.

Nilimwambia mume wangu amweleze mdogo wake wa Mwimbi, ambaye naye alikuwa na mbuzi wengi, aje achukue mbegu. Alitikisa kichwa.

"Tusubiri azae mara ya pili," alisema. "Nikisema leo, halafu kiwele kikashuka kama cha mama yake, watanicheka mpaka kaburini. Akizaa mara ya pili kikabaki juu, nitawaita wote waje waone."

Niliona ana haki. Mtu aliyechekwa mara moja ana haki ya kuwa na hakika. Mtoto wa kwanza wa yule mbuzi alikuwa dume, tukampeleka sokoni alipoacha kunyonya, kwa sababu hatukuwa na haraka ya kuweka mbegu. Tulidhani muda upo.

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya Sumbawanga inayopenya hadi kwenye blanketi, mume wangu aliamka analalamika kifua. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Aliongea na mimi njiani, akaniambia nisisahau kuwakatia majani. Hakurudi.

Wanaojua misiba yetu wanajua kwamba mfiwa haulizwi kitu. Nilikalishwa chini kwenye mkeka chumbani, nikafunikwa khanga, mama mkwe upande mmoja na dada zangu upande mwingine. Nje palifungwa turubai. Ndugu walikuja kutoka Mwimbi, Matai, na vijiji vya bonde la Rukwa. Wanawake walipika ugali na maharage kwenye masufuria makubwa ya kanisani. Nilisikia sauti za watu kama mtu aliye chini ya maji. Sikufikiria mbuzi hata kidogo. Mtu fulani alikuwa akiwapa majani, nikajua hivyo tu.

Siku ya maziko, tuliporudi kutoka makaburini, niliwekewa sahani mbele yangu. Mama mkwe alinisihi.

"Kula, mwanangu. Hujala tangu juzi."

Nilikula kwa sababu yeye pia alikula. Ilikuwa nyama laini.

Watu walipoanza kuondoka, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliingia chumbani akachuchumaa mbele yetu. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Ndiye aliyesimamia kila kitu, kuanzia jeneza hadi kuni, na alifanya kwa moyo.

"Shemeji," aliniambia, "usiwe na wasiwasi na mali ya kaka. Tumechinja mmoja niliyekuja naye kutoka nyumbani, na yule mdogo wa kienyeji aliyekuwa bandani. Vijana walitaka yule mweupe kwa kuwa ni mkubwa, nikasimama mlangoni. Nikawaambia huyu asiguswe. Huyu ndiye mbuzi wa kaka."

Alinitazama akisubiri.

Nilihisi vidole vya mama mkwe vikinishika mkono chini ya khanga.

"Asante, shemeji," nilisema.

Alipotoka, mama mkwe alinifunika khanga vizuri. Kisha yeye akasema polepole, "Usimwambie. Ameshafiwa na kaka yake. Usimpe na hili."

Sikumwambia. Mpaka leo hajui. Kila alipokuja mjini aliuliza habari za yule mweupe, na kila mara nilimjibu.

Jirani yangu alinieleza baadaye ilivyokuwa. Kijana mkubwa wa mama wa dukani ndiye aliyeombwa achinje, ili wageni wote, Wakristo na Waislamu, waweze kula. Alimlaza vizuri akielekea kibla. Kijana mmoja aliyeshika miguu alisema, "Mbona huyu ana maziwa?" Wenzake wakamjibu kwamba kila mbuzi aliyezaa ana maziwa. Walikuwa sahihi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiri zaidi. Mbuzi wa kahawia, mwenye kiwele kidogo, katika nyumba ambayo kila mtu mjini alijua ina mbuzi mweupe wa Kizungu. Hata mimi, kama ningekuwa mgeni pale, ningemchagua huyohuyo.

Baada ya arobaini mama wa dukani alikuja. Alikaa nami sana, tukazungumza habari za marehemu. Alipokuwa akiaga aliulizia maziwa, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeogopa kuonekana amekuja kwa ajili ya hayo.

"Hayapo, mama," nilisema. "Yule mbuzi ameondoka na mwenyewe."

Alinielewa nusu, nadhani. Alisema maneno ya dua, akanishika bega, akaenda zake. Sikuweza kumwambia ni mkono wa nani ulioshika kisu.

Nilijaribu tena. Nilimpeleka yule mweupe Mwimbi, ingawa beberu wa zamani wa mama mkwe alikuwa ameshazeeka na kuliwa, na aliyekuwepo alikuwa wa mbari nyingine, mwenye miguu mirefu. Mweupe akazaa dume. Nikampeleka tena, akazaa dume tena. Safari ya tatu akazaa jike, wa kahawia, na mama mkwe alisafiri kuja kumwona kama anayekuja kumwona mjukuu. Tulimlea kwa mikono miwili. Alipozaa, tulikwenda nyuma yake pamoja, tukainama. Kiwele kilikuwa kimeshuka. Hakikufika magotini kama cha mama yake, lakini kilishuka, na upande mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine.

"Damu haina ahadi," mama mkwe alisema, akanyooka kwa kushika kiuno.

Ndiye ninayemkamua sasa. Mweupe alikufa kwa uzee, nikamzika, sikutaka aliwe. Huyu wa sasa ana maziwa ya kutosha na si mabaya, ila wakati wa masika nina kazi kubwa: kuosha, kukausha, kupaka mafuta, kumfunga mfuko wa kitambaa nilioushona mwenyewe ili asikwaruzwe na mabua. Mara mbili bwana mifugo amekuja na sindano yake. Mara mbili nimemwaga. Mama wa dukani amerudi Kasanga kwa watoto wake wa huko, na maziwa hayawezi kufika ziwani kabla hayajaganda, kwa hiyo nakunywa mwenyewe, na mengine nagandisha mtindi.

Siku za mnada huwa nakwenda. Navaa viatu vya mvua, napita kati ya mbuzi waliofungwa kwenye vigingi, nazunguka nyuma, nainama. Wauzaji wameshanizoea. Mmoja wao, kijana wa maneno mengi, hunipigia kelele kila anionapo.

"Shikamoo, mama! Mbuzi anashikwa mgongo, siyo huko nyuma!"

"Marahaba," namwambia, na naendelea kutazama.

Mwezi uliopita nilimwona mmoja aliyenifanya nisimame. Alikuwa wa kahawia, mfupi, na kiwele kimekaa juu. Nilimwuliza mwenyewe ametoka wapi, amezaa mara ngapi, mama yake alikuwaje. Hakujua. Alikuwa amemnunua njiani asubuhi ileile ili amuuze kwa mwenye bucha, na tulipokuwa bado tunazungumza mwenye bucha akafika, wakapeana mikono, akafungua kamba.

Nilisema, "Subirini kidogo." Walikuwa wameshapatana. Yule wa bucha alinitazama kwa heshima, akaniuliza kama nina shughuli nyumbani, maana alikuwa na mwingine mnene zaidi angeweza kunipatia.